Lipu

Mwenyekiti wa parokia amenikabidhi mifuko kumi ya saruji,
imevuka jana na feri ya Kisorya,
na neno moja: funika.
Wageni wa jubilei wasije Ukerewe
kutazama matofali yaliyolika kama meno ya bibi kizee.

Nimefika alfajiri. Wadudu wa ziwa
waliingia usiku kwa dirisha la duara;
Mama Nyanjura anawafagia chini ya altare,
debe zima, chakula cha kuku wake.

Naangusha timazi.
Ukuta umenyooka.
Miaka mia na ushei, haujainama hata unene wa ukucha,
nao ni udongo wa kichuguu tu,
na kuni za msitu ambao leo ni jina la kitongoji.

Sisifu kila kitu. Mabenchi ya mvule yanauma mgongo:
aliyeyachonga hakutaka mtu asinzie.
Kinanda kimebakiwa na sauti mbili, na zote zinagombana.
Kitubio, upande wa mwenye dhambi, ubao umechimbika
magoti mawili; upande wa padri kuna mto wa sufi.

Saa nne namsogeza Mtakatifu Yosefu,
fundi mwenzangu, msumeno wake ulishapotea,
na nyuma yake, mstari wa saba kutoka chini,
unyayo.
Vidole vitano. Kisigino chembamba.
Mtu alikanyaga tofali likiwa bichi, akiwa na haraka.

Nyumbani tulisimuliwa habari za Nabwire, mama wa bibi yangu,
aliyechapwa na katekista Mazigo fimbo sita
kwa kumfukuza mbuzi juu ya matofali yaliyoanikwa.
Tulicheka. Hadithi za jikoni.
Na huenda si yeye; watoto walikuwa wengi, mbuzi pia.

Naweka kiganja. Unyayo unaishia
pale vidole vyangu vinapoanzia.
Tofali ni baridi, kisha si baridi.

Mwenyekiti amekuja saa tisa kukagua.
Amepapasa ukuta, amesema: laini kama yai.
Yosefu amesharudi mahali pake.

Umebaki saruji nusu karai.
Nimemwambia nilikosea hesabu.