Chokaa Katika Birika

Kila Alhamisi Bibi Shinuna huniuliza
kazi yangu ni nini hasa.
Napima uzito wa maji, namwambia.
Kwa ratili au kwa pishi?
Anacheka, upindo wa kanga mdomoni,
na birika lake linaanza kulia.

Basi sikiliza, bibi. Maji si mamoja.
Oksijeni ina ndugu mzito na ndugu mwepesi,
tumbo moja, jina moja,
na hakuna ulimi utakaowatenganisha.
Jua likiipiga bahari, mwepesi huruka kwanza.
Wingu likianza kumwaga, mzito huanguka kwanza.
Kwa hiyo kila mvua hufika na hesabu yake,
na mawe ya Hamra yameiandika.

Asubuhi nilikuwa pangoni juu ya mji,
taa kichwani, mbele ya kisiki cha jiwe
chenye kimo cha mtoto wa chekechea.
Haba na haba, kule, haijazi kibaba:
tone linaanguka, linaacha vumbi la chokaa,
na baada ya miaka elfu kumi
umepata kitu cha kujigonga nacho goti.
Mwenzake tulimpasua mwaka jana, Nizwa, kama muhogo.
Namtoboa kwa keekee ya daktari wa meno,
unga wa kubana kwa vidole viwili,
tindikali, tone moja, gesi inapanda, mashine inasoma.
Hapa mvua za kusini, nyingi, nyepesi,
majani hadi pale ngamia wanapolamba mchanga leo.
Hapa tena.
Halafu mstari wa kahawia, mwembamba kuliko unywele,
ambao keekee haiwezi kuingia.
Daftarini niliandika: kimya.
Profesa akafuta, akaandika: pengo.

Muhanna, mgawa zamu za falaji
(nusu saa ya maji wao huiita athari),
hakuvipenda vichupa vyangu.
Unachukua, alisema, na maji yamefika kifundoni?
Nilijaza hadi shingoni, bila kiputo, nikazungusha utepe;
hewa ikiingia, mwepesi hutoroka
na ushahidi unaoza.
Jana nilimpelekea jibu.
Maji haya si ya mvua za baridi za kaskazini.
Mengi yametoka kusini, kwenye tufani.
Tufani ipi?
Mashine haijui majina, nilisema.
Akageuka, akautazama ukuta wa shamba la ndimu,
ule alioujenga upya kwa mikono yake,
mwaka ule korongo lilipomsombea punda na mlango.
Kumbe namnywa yule, akasema.
Akainama, akazibua mfereji, akaangalia saa.

Bibi amezima jiko.
Wepesi hutangulia, sivyo?
Ndivyo ilivyokuwa Wete.
Waliokuwa wepesi walitangulia.
Sisi wenye vichanga, wenye vyeti vilivyofifia,
tulikuja mwisho.
Nikasema si sawasawa, bibi, hii ni oksijeni tu.
Oksijeni tu, akarudia,
kama anataja jina la mkwe asiyemwamini.

Nimechungulia birika.
Tangu waliposhuka Matrah hajaruhusu mtu kulisugua:
tabaka juu ya tabaka, nene kama ganda la kwangwi.
Nilishika kijiko. Kukwangua kidogo tu.
Lakini haifai, najua.
Kuchemsha kumevuruga kila kitu,
miaka hamsini wepesi wamekwenda na mvuke,
na hakuna jarida litakalopokea chai.
Weka kijiko, akasema.
Akanimiminia.
Ilikuwa tamu mno, kama kawaida yake,
na chini ya kikombe palibaki
chembe moja nyeupe.