Dohani ya Mtaa wa Stesheni

Mwanza, ambako hata mwezi wa sita hauhitaji blanketi,
mtu fulani alijenga dohani.
Matofali mia nne na kumi na mawili. Nimeyahesabu,
maana Mambo ya Kale hulipa kwa hesabu.

Mimi Lushinge, mwashi, nimepewa ngazi, brashi,
na karatasi isemayo: usibomoe, usiongeze, usipake.
Mvua haikupewa nakala.

Nyumba yenyewe si haba. Mistari imelala sawa,
moja ubavu, moja kichwa, ubavu, kichwa,
na tao juu ya kila dirisha
kama nyusi za mtu aliyeulizwa deni.
Udongo ni wa kichuguu. Nimeuonja.
Mchwa walitangulia kuufinyanga.

Chokaa ilichanganywa na konokono wa ziwani, wakatwangwa;
mmoja aliponyoka mchi, yumo mzima
kwenye mshono wa tatu kutoka juu,
mlango wake wazi.

Bi Nyanjige, mpangaji wa chumba cha nyuma,
husonga ugali uani, kwenye mafiga.
"Hilo bomba la baridi," asema,
"halijawahi kunusa moshi."
Natia mkono: kweli, hakuna masizi.
Miaka yote hiyo, kifua safi.

Giza likiingia naandika ripoti.
Hali ya dohani: nzima.
Matumizi:

hapo nasita. Juu ya paa popo wanaanza kutoka,
mmoja, watatu, kisha wote,
weusi, wakipinda kuelekea ziwani,
kana kwamba chini huko, hatimaye,
kuna aliyewasha moto.