Mpaka Kumi na Moja

Kitufe cha kulia, nabonyeza.
Moja. Mbili.
Menyu haiji.
Tatu, nne, tano,
feni inavuta pumzi kama mwenye pumu,
sita, saba,
mkono nauondoa, natia sukari chaini,
nane, tisa, nakoroga,
kumi,
na kwenye kumi na moja ndipo inapojitokeza,
Kata, Nakili, Bandika,
kama mgeni aliyechelewa shughulini
na bado anataka apokewe mkoba.

Mashine hii ni mtumba wa Dubai.
Ilishushwa Mkoani ndani ya boksi la blenda,
nikaipakata mpaka Wete kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.
Mwaka wa kumi na tatu huu naandikia watu humu:
kadi za harusi za Limbani na Bopwe,
hesabu za mirathi, barua za kuomba mkopo wa cherehani,
orodha ya waliochangia bati la madrasa
na ya walioahidi tu, hao kwa herufi ndogo.

Sikulala na maradhi haya bila ya kuyatibu.
Nilianza na madoido: kile kivuli chini ya menyu,
kule kufifia na kuchomoza kwa madaha.
Uzuri gani tena na umri huu, nikaiambia,
nikaivua vipuli kimoja kimoja
ikabaki kijivu, tupu.
Nikabonyeza.
Kumi na moja.

Nikanunua kijiti cha ramu, elfu ishirini na tano,
kwa Mbwana Shaame,
aliyekuja na bisibisi sikioni na pampu ya baiskeli.
Alipofungua ubavu, vumbi lilitoka kama unga wa muhogo,
na mayai mawili ya mjusi, meupe, yamelazwa penye joto.
"Bi Raya, humu mna wapangaji."
Alitaka kuyapasua. Thawabu, alisema.
Nikamwambia thawabu hiyo akaitafute nyumba ya pili,
nikayatia kwenye kopo la chaki.
Kumi na moja.

Akaingia ndani zaidi, kwenye daftari la siri la mashine,
akaniita nione. Yakhe!
Imeandikwa mle kwa tarakimu, tangu kiwandani:
kabla ya kufungua, ngoja mia nne.
Sekunde moja wameikata vipande elfu,
wakanipimia mia nne, wakanifungia kama bizari.
Akaandika sifuri.
Tukakodoa macho sote wawili.
Kumi na moja.

"Hii haijachoka," akasema Mbwana. "Hii inamtafuta mtu."

Akateremka kwenye orodha ya vifaa,
na huko, juu kabisa, ina alama ya vema ya kijani:
Printa ya Machano.

Machano aliichukua mwaka juzi, Mfunguo Sita,
pamoja na pasi, redio, na upande mmoja wa pazia.
Kompyuta aliiacha. Alisema nzito.
Talaka yangu ilikuja kwa karatasi ya printa ileile,
naijua, wino wake hukatika kila mstari wa tatu.

Kumbe kila nilipobonyeza, kitu hiki,
kabla ya Kata, kabla ya Nakili,
kilikwenda kwanza mlangoni.
Machano, upo?
Kikasikiliza.
Machano, upo?
Kikasikiliza tena, mpaka muda wake wa adabu ukaisha,
ndipo kikanirudia na menyu mkononi.
Mara ngapi kwa siku? Mara mia?
Na mie nikijisifu kwa majirani kuwa nyumba hii
haimtaji.

Mbwana akanitazama. Mtoto wa watu, hata hajaoa.
"Nifute?"
Nikamwambia alete kipanya, nafuta mwenyewe.
Mashine ikauliza: Una hakika?
Haina haya.

Sasa menyu hufunguka kidole hakijainuka.
Hunishtua. Chai naimaliza sijaikoroga,
sukari yote naikuta chini.

Kadi hamsini za mwana wa Bi Time ziko tayari.
Kesho nitazipeleka kwa flashi, dukani kwa Sharifu, zikachapwe.
Kopo la chaki nimelirudisha juu ya mashine,
pale penye joto.
Mbwana asijue.