Ya Tatu

Lilianza kukohoa mlima wa Kibosho,
Jumanne, natoka zamu ya usiku,
na mikungu ya watu nyuma kwenye buti.
Ukikanyaga, linasita; ukiachia, linatetemeka
kama mgonjwa wa malaria anayeona haya kuomba blanketi.

Fundi Mfinanga wa Kiboriloni alifungua boneti, akafunga.
"Injini imechoka, sista. Tafuta nyingine."
Hakugusa hata plagi.
Mimi wodini nikimwandikia mtu kifo
kabla sijamshika mkono,
nafukuzwa kazi.

Basi Jumamosi, uani kwetu Rau,
jiko la makande nimelihamishia nyuma ya banda la ng'ombe
(petroli na moto si watani),
nikamweka Elinami kwenye usukani, miaka kumi na miwili,
kiti kimesogezwa mbele hadi mwisho.
"Washa. Usikanyage. Sikiliza."

Nikachomoa soketi ya koili ya kwanza:
injini ikayumba, ikalalamika. Nikairudisha.
Ya pili: ikalalamika zaidi, ikataka kuzima.
Nikaruka hadi ya nne, kwa woga tu: ikalia vilevile.
Ya tatu,
kimya. Yaani si kimya;
mtetemo uleule, kikohozi kilekile,
kana kwamba sikugusa kitu.

"Ndiyo hiyo," nikasema.
"Umejuaje, shangazi?"
"Ukiinyamazisha na nyumba isishtuke,
ujue ilishaondoka zamani."

Mtoto akatazama dashibodi.
Baba yake, mdogo wangu Ndekirwa,
ni wa tatu kwetu. Mwaka wa tano huu yuko machimboni Mererani.
Desemba, watu wote wakipanda nyumbani,
tunahesabu sahani, zinatosha,
hakuna anayeuliza zinatoshaje.
Kati ya "ya" na "wa" pana herufi moja tu,
nami nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mikono ikaendelea, ndiyo kazi ya mikono.
Plagi ya tatu nikaihamishia ya pili: ugonjwa haukuhama.
Koili, vilevile. Imebaki nozeli.
Nikang'oa fyuzi ya pampu, injini ikanywa iliyobaki, ikazima.
Nikaitoa. Imevaa masizi,
pete zake za mpira zimepasuka kama kisigino cha kiangazi.

Bomba la sindano, mililita hamsini,
dawa ya kusafishia ndani yake,
betri ndogo ya mraba na waya mbili:
ti. ti. ti.
Ikatema uzi mmoja, wa upande,
kama kibogoyo anayetema mate.
Nikaigeuza, nikasukuma dawa kinyumenyume.
Tena. Dawa inaganda vidoleni.
Tena.
Mara ya kumi na ngapi sijui,
Elinami akanishika kiwiko: "Angalia."
Ukungu.
Mwembamba, umefunguka pande zote,
ule wa asubuhi kabla Kibo hajaamua kujionyesha.

Chini ya kopo, punje nyeusi,
hazijazi ukucha.
Na mlima mzima ulikuwa umenishinda kwa hizo.

Tukarudisha kila kitu, pete mpya,
boliti moja ikabaki
(ipo dirishani hadi leo, haijasema ya wapi).
Akawasha.
Zote nne. Laini,
glasi ya maji ingekaa juu ya boneti isimwagike.

Nikachomoa tena ya tatu, makusudi:
gari likashtuka mwili mzima, likalia.
Elinami akacheka, mara ya kwanza tangu shule zifungwe.
"Rudisha, shangazi! Rudisha!"

Nikairudisha.
Kisha nikafuta mikono, si vizuri sana,
nikatafuta namba ambayo sikuwahi kuifuta
wala kuipiga.
Ikaita.
Kioo cha simu kina dole gumba la masizi.
Ikaita.
Mtoto hajazima injini.