Kiganja

Hekalu letu la Labasa lilikuwa chumba kimoja,
bati juu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu,
na Jumapili, kabla jua halijaanza kuchoma miwa,
tuliketi jamvini watoto kumi na wanne,
pua zikinusa samli ya taa
na masizi ya kiwanda cha sukari ng'ambo ya mto.

Mwalimu wetu, Bi Dharmawati, mshonaji wa sare,
hakukosa sindano kwenye ukosi wa blauzi.
"Mtazameni Devi," alisema. "Mikono saba imeshika vitu.
Huu wa nane hauna kitu.
Kiganja wazi, vidole juu. Unasemaje?"
"Simama!" akajibu Ronil, kama polisi wa barabarani.
Tukacheka. Naye akacheka, kisha akatikisa kichwa.
"Unasema abhaya. Usiogope.
Huu ndio hodari wao: unakwenda mtupu."

Kikaja kimbunga cha mwezi wa pili.
Kiling'oa bati tatu, kikalaza miwa kama nywele zilizolowa,
lakini Devi hakikumgusa.
Najua, maana siku ya usafi tulikuwa wawili,
mimi na Shayal,
tukirushiana limau la sadaka juu ya madimbwi.
Halikutoa hata mlio wa maana:
tik, kama mtu aliyevunja biskuti,
na kiganja kikawa sakafuni, vidole bado vimenyooka,
bado kinasema neno lake.

Jumapili watu wazima waliulaumu upepo.
Pandit aliulaumu upepo. Baba yangu, mweka hazina,
alikwisha kuandika gharama kwenye daftari la kimbunga.
Kumbe uongo ukiachwa peke yake
hujijengea nyumba, ukaezeka.
Mwalimu hakuuliza. Alikiweka kipande kwenye sahani ya shaba
akaendelea na somo.

Hapo Shayal akainua mkono,
namna tulivyoinua shuleni tukitaka kwenda msalani.
Ulitetemeka. Bangili zake za plastiki ziligongana,
hakukuwa na mlio mwingine chini ya lile bati jipya.
"Si upepo," alisema. "Ni mimi."

Mimi. Hakusema sisi.
Aliniachia mlango wazi, nami
nikahesabu ukindu wa jamvi.

Bi Dharmawati hakumsifu, hakumkemea.
Aliutazama tu ule mkono,
vidole juu, kiganja mbele, hauna kitu,
akautazama mpaka na sisi tukautazama.
Kisha: "Ushushe, mwanangu, utachoka.
Gundi iko kabatini."

Miaka thelathini na mmoja.
Shayal yuko Auckland, muuguzi wa zamu za usiku.
Mimi ndiye nifundishaye sasa,
jamvi jingine, sakafu ile ile.
Watoto huniuliza ule ufa kwenye kifundo cha Devi ni wa nini,
na kila mwaka hujibu: kimbunga.

Leo binti wa Ronil, mwenye pengo la meno mawili,
hakuridhika.
"Upepo gani huo, Mwalimu, wa kuvunja mkono mmoja tu?"

Nje gari-moshi la miwa lilikuwa likipita polepole.
Nikangoja limalizike, behewa kwa behewa,
la mwisho likapita, nikawa sina tena cha kungojea,
nikaona mkono wangu unapanda.