Kwa Atakayepokea Ufunguo wa Kabati

Kabati linagoma. Linyanyue kwanza, kisha vuta.
Ndani utakuta daftari langu la nota,
chaki nusu boksi,
na waya wa kinanda nilioufunga selotepu mara tatu.

Miaka minne ya kwanza niliongoza kwa mdomo.
Mazoezi saa kumi; mimi nafika saa kumi na moja kasoro,
nyimbo tisa kichwani, hasira ya kumi,
nawakuta wamekaa barazani wanamenya miwa,
nawafokea, "Hamna nidhamu!"
Mimi. Mwenye ufunguo.

Tukiingia, ombi refu, halafu wimbo mzima
kutoka juu mpaka chini.
Ubeti wa tatu ukiharibika, tunarudi juu.
Tukifika tena kwenye ule wa tatu
unaharibika kwa ustadi zaidi.
Kosa likirudiwa vya kutosha, linakomaa,
na Jumapili linapanda madhabahuni limevaa joho.

Wewe anza na ubeti wa tatu.
Anza na mistari yake miwili, ile inayouma,
wakati vifua bado vina pumzi.
Kile wanachokijua hakihitaji mwalimu.

Mhoja wa besi, msimu wa tumbaku, atasinzia amesimama,
kichwa kikiitikia kama anayekubali mahubiri.
Nilimwita mvivu. Alikuwa ametoka banini,
kukesha na moto wa majani ya watu,
vidole vyake gundi tupu, daftari linamnata.
Mpe kiti. Besi inaimbika hata mtu akiwa amekaa.

Na Wande.
Hapa niache niende polepole.

Sauti ya pili, mwisho wa mstari.
Kuliani kwake ngoma ya Elikana, kushotoni wenzake.
Kila "fa" yake ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba.
Mwaka mzima nilisema bila kumtazama,
"Kuna mtu hapo anatuangusha, na mwenyewe anajijua."
Alijijua.
Akaanza kuimba kwa midomo tu, bila sauti,
na mimi nikamshukuru Mungu kwamba ametengemaa.

Halafu Alhamisi moja ya masika umeme ukakatika Urambo nzima.
Kinanda kimya, spika kimya,
Elikana kaacha ngoma kwenda kutafuta taa.
Tukaimba hivyohivyo, gizani, hakuna anayemwona mwenzake,
nikasikia sauti ya pili nisiyoijua,
imenyooka kama reli ya kwenda Kaliua.
Nikauliza, nani huyo?
Kimya.
Kisha binti yake, kutoka safu ya mbele:
"Ni mama. Sikio la kushoto lilikufa na surua, yuko mdogo.
Pale mlipomweka anasikia ngoma tu."

Mwaka mzima, na sikuwahi kuuliza.

Usiku ule nilihamisha benchi, basi.
Radhi niliiomba wiki iliyofuata,
mbele ya walewale niliomsema mbele yao.
Nimebeba magunia maishani mwangu;
maneno yale manne yalikuwa mazito zaidi.

Kwa hiyo fika mapema, fungua madirisha,
zunguka nyuma ya mabenchi wanapoimba.
Mbele unasikia kwaya.
Nyuma unasikia watu.

Nyimbo tatu zinatosha, na moja wapo iwe wanayoipenda,
wamalizie hiyo, watoke nayo mdomoni.
Treni ya Kigoma ikipiga honi, funga daftari
hata kama ubeti umebaki nusu:
kuna wanaorudi Vumilia kwa baiskeli.
(Siku treni ikichelewa, na hiyo ni siku nyingi,
tumia akili yako.)

Mwisho, kinanda.
Kitufe cha "la" ya juu hakilii, tangu mafuriko ya bati lile la kona.
Wamekizoea. Wakifika pale
kinanda kinanyamaza, wao wanaijaza wenyewe,
wote, pamoja na Wande,
na kwa nukta ile moja hakuna anayemfuata mtu.

Fundi akija, mwambie asiharakishe.