Kikosi cha Punje

Askari wangu ni wadogo kama mchele wa Ahero;
mia mbili hawajazi kifuniko cha kopo la maziwa.
Usiku, Kondele ikianza kunyamaza,
nashika brashi ya nywele tatu, nabana pumzi,
kola nyekundu isije ikawa kidonda.

Pakiti ilileta maafisa, farasi, mizinga.
Wapagazi hawakuwamo.

Nikawachonga kwa njiti za kiberiti,
tone la gundi likawa sanduku la risasi.
Mmoja ni Obuya, babu yake mama,
aliyetoka Seme na mzigo kichwani, asirudi.
Nimemtia kovu gotini. Nani ataliona?

"Mbona huyu hana uso?" Akeyo anauliza.
Hata picha yake hatuna.
Anainama zaidi.
Usipumue, namwambia,
utampeperusha.